Lee-Enfield kwenye theluji: inapogoma, anzia wapi

Mwongozo huu unahusu bunduki moja tu, Lee-Enfield No. 4 ya risasi za .303, inapotumika kupigia shabaha wakati wa baridi. Kanada watu hukusanyika nayo viwanjani kuanzia tarehe 11 Novemba, siku ya kuwakumbuka askari, na wengine huendelea hadi katikati ya majira ya baridi. Bunduki yenyewe ni ya wazee wetu pia. Keya, yaani King's African Rifles, walikwenda Burma na Lee-Enfield mikononi mwaka 1944 ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita Bonde la Kabaw kwenye mvua kubwa hadi mto Chindwin. Mswahili wa Edmonton au Winnipeg anayeishika leo hashiki mali ya wageni.

Baridi peke yake haiishindi. Canadian Rangers, askari wa akiba wa kaskazini ya Kanada, waliibeba kwenye barafu kwa miongo mingi kabla ya kupewa bunduki mpya miaka ya karibuni. Kwa hiyo ikigoma kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, tafuta kwanza kwenye mafuta, maji na mbao. Kisha tazama risasi. Chuma kije mwisho, na tupa ya kukwangulia chuma ibaki sandukuni mpaka kila kingine kimekaguliwa, kwa sababu alama za kiwandani na vipimo vya bunduki hii ndivyo vinavyoifanya iwe kumbukumbu. Ukishavikwangua havirudi.

Kabla ya kutafuta kosa lolote: mdomo wa mtutu uelekee shabaha, magazini itoke, bolti (kile chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya mtutu) iwe wazi, na uingize ncha ya kidole chembani, pale risasi inapokaa ili kupigwa, kuhakikisha ni tupu. Macho hudanganywa na giza la chemba, hasa ukiwa umetoka kwenye mwanga wa theluji. Tazama pia namba iliyogongwa kwenye mkono wa bolti kama inafanana na ile ya mwili wa bunduki. Zikitofautiana, usipige risasi hata moja mpaka fundi wa bunduki aipime kwa geji nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi. Vichwa vya bolti vya No. 4 vilitengenezwa kwa saizi nne, 0 hadi 3, ili kurekebisha nafasi hiyo hiyo, na bolti iliyookotwa kwenye bunduki nyingine inaweza kuiacha kubwa kupita kiasi.

Unabofya, inalia "tik", risasi haitoki

Usifungue bolti. Mdomo ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 60, au zaidi kama kanuni za uwanja zinataka zaidi, ndipo ufungue huku uso ukiwa pembeni. Risasi ya zamani huweza kuchelewa kuwaka, na ikiwaka bolti ikiwa wazi, ganda hupasuka mbele ya macho yako.

Sasa shika ile risasi na utazame fataki, kile kiduara kilicho katikati ya kitako chake. Linganisha na maganda ya risasi zilizolia sawasawa. Alama yenye kina kama ya zile nyingine maana yake pini, ile inayogonga fataki, imefanya kazi yake na fataki imekufa, kwa hiyo kosa ni la risasi. Pasipokuwa na alama hata kidogo, pini imevunjika au imegandishwa na barafu. Alama ndogo, kama ya mtu aliyegusa nta kwa ncha ya kalamu, ndiyo inayoonekana zaidi wakati wa baridi, na inatokana na grisi.

Ndani ya bolti kuna springi nene iliyoizunguka pini. Bunduki nyingi zilikaa ghalani miaka mingi zikiwa zimepakwa grisi nzito ya kuhifadhia, na mwenye nayo husafisha anachokiona kwa nje akasahau lile tundu la ndani. Sebuleni grisi hiyo ni laini na pini inapita bila shida. Kwenye baridi kali inakuwa ngumu kama nta ya mshumaa, na springi inamaliza nguvu yake kwa kuisukuma grisi badala ya kuipeleka pini kwenye fataki.

Unaweza kupima hili nyumbani kabla hujaendesha saa mbili kwenda uwanjani. Toa bolti, ifunge kwenye mfuko wa plastiki uliokamuliwa hewa, uilaze usiku kucha kwenye friza ya nyumbani, ambayo kwa kawaida ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Asubuhi irudishe haraka kwenye bunduki tupu, elekeza mahali salama, bofya. Bolti safi inalia kavu na kali, "tak". Bolti yenye grisi inalia kizito, na ukitazama kile kichwa cha nyuma cha pini kikienda mbele, utaona kinatembea badala ya kuruka. Ukimaliza ifute na kuikausha, maana itashika umande mara tu ikitoka kwenye mfuko.

Dawa ni kuisafisha bolti kwa ndani. Fungua kichwa cha bolti kwa mkono, kinazunguka kama skrubu. Kuitoa pini kunahitaji kifaa maalumu chenye mdomo mrefu, na skrubu ndogo inayoifunga nyuma lazima itangulie kutoka. Usipokuwa na kifaa hicho, iloweke bolti kwenye mafuta ya taa kwa saa 12, itikise mara kadhaa, isimamishe tundu likiwa chini ili uchafu utoke, badilisha mafuta na urudie mpaka yanayotoka yawe meupe. Iache ikauke siku nzima. Ndani usitie grisi tena, wala usijaze oili. Unga kidogo wa grafaiti unatosha, au filamu nyembamba ya oili nyepesi inayostahimili baridi, nyembamba kiasi kwamba kidole kinateleza bila kulowa. Ukirudisha kichwa cha bolti, kizungushe mpaka kifike mwisho kisha ukirudishe kidogo hadi kilingane na ule ubavu mrefu wa bolti.

Kuna sababu nyingine inayofanana kabisa na hii kwa dalili. Mkono wa bolti usipofika chini hadi mwisho, kwa sababu ya barafu au kwa sababu glavu nene imekufanya usisukume vizuri, pini inapoachiwa hutumia nguvu yake kuuzungusha huo mkono kushuka. Kinachobaki kwa fataki ni kidogo. Ukiona mkono wa bolti umeruka chini wakati wa kubofya, umepata jibu, na grisi haihusiki.

Ukishahakikisha kosa si la sababu hizo mbili, ndipo upime pini. Ikiwa imeachiwa, ncha yake itokeze kwenye uso wa bolti kati ya inchi 0.040 na 0.050, yaani milimita 1 hadi 1.27. Ikiwa fupi zaidi, au springi imelegea kwa uzee, mpelekee fundi.

Inalia "tik", halafu baada ya nukta ndiyo inalia

Hilo ni kosa la risasi, na baridi huliongeza. Fataki na baruti za miaka mingi zilizowekwa pabaya zinawaka polepole. Risasi zote za sanduku hilo, na za namba hiyo hiyo ya kundi, ziache. Usizichague moja moja ukitumaini nyingine ni nzima. Siku ya kuwaenzi watu waliokufa kwa risasi si siku ya kubahatisha na risasi.

Bolti ni ngumu

Uliza kwanza ni ngumu kufunga au kufungua, maana ni magonjwa mawili tofauti.

Kufunga: Lee-Enfield hukaza springi wakati wa kufunga, kwa hiyo upinzani katika sentimeta chache za mwisho ni wa kawaida, na anayetoka kwenye bunduki za muundo wa Mauser huuona kama kosa. Kama ugumu ni zaidi ya huo, tazama nyuma ya pete ya chemba na kwenye yale mapango mawili ambamo mabega ya bolti huingia. Theluji iliyoingia humo wakati chuma kikiwa cha moto iliyeyuka, ikaganda tena wakati unazungumza na mwenzako. Usipulize kwa mdomo. Pumzi yako ni mvuke, nayo inaganda pale pale na kuongeza barafu. Tumia mswaki mkavu wenye nywele ngumu na kijiti cha mbao. Kama barafu imeshika, bunduki tupu iingie kwenye kibanda chenye joto, ikaushwe yote, ndipo irudi nje.

Kufungua: ganda limeshika chembani. Hii ndiyo dalili ya kuichukulia kwa uzito. Sababu ya kawaida ni oili. Mtu hutoka nyumbani ameupaka mtutu na chemba mafuta dhidi ya kutu, akasahau kuyafuta. Ganda la shaba linapolipuka hutanuka na kushika ukuta wa chemba, na huko kushika ndiko kunakopunguza msukumo unaoiendea bolti. Chemba ikiwa na mafuta au maji, ganda linateleza na msukumo wote unaishia kwenye bolti, na bolti ya Lee-Enfield hujifunga nyuma, si mbele karibu na chemba, kwa hiyo mwili mzima hunyumbuka zaidi. Matokeo yake ni bolti ngumu, na hata mahali risasi inapotua hubadilika. Ndiyo sababu risasi za No. 4 zinatakiwa kuwa kavu kama unga. Pitisha tambara kavu mtutuni na lingine nene chembani kabla ya risasi ya kwanza, bila kukosa.

Usigonge mkono wa bolti kwa nyundo wala kwa buti. Kama chemba ni kavu, risasi ni kavu, na bado bolti inakataa kufunguka kwa risasi mbili mfululizo, acha kupiga. Huenda risasi zina nguvu kuliko inavyotakiwa.

Kwenye No. 4 za toleo la Mk I*, zilizotoka viwanda vya Long Branch na Savage, kuna jambo dogo la kuangalia. Hazina kile kitufe cha kuachia kichwa cha bolti. Kinatoka kupitia pengo lililokatwa kwenye reli. Kona za pengo hilo zikivunjika, kichwa huruka nje ya reli katikati ya kupiga. Ikitokea hivyo, safari ya siku hiyo imeisha.

Risasi haipandi chembani, au mbili zimeshikana

Risasi za .303 zina ukingo kwenye kitako. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini yake, ya juu inajaribu kwenda na ya chini inaivuta. Vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi huzipanga vibaya bila mwenyewe kuhisi.

Klipu, kile kibati kinachoshika risasi tano pamoja, ipangwe hivi: ya kwanza kitako kimekaa chini, ya pili juu, ya tatu chini, ya nne juu, ya tano chini. Ikipangwa hivyo inaingia upande wowote. Zijaze klipu nyumbani mezani, si uwanjani. Unaposukuma, weka kidole gumba karibu na ukingo na usukume kwa mwendo mmoja bila kusita. Ukisita katikati, klipu huinama. Unapoingiza moja moja, kila risasi ibonyezwe chini na kurudishwa nyuma kiasi kwamba ukingo wake unabaki mbele ya ule wa chini.

Zikishika kila mara hata ukipanga vizuri, ni midomo ya magazini imepinda, au kibao cha ndani kinakwama kwa grisi ile ile iliyoelezwa juu. Kioshe kwa mafuta ya taa kabla ya kunyoosha chochote kwa koleo.

Kundi la matundu limehama, au limetawanyika

Hapa ndipo watu hupoteza risasi nyingi, kwa sababu wanaanza na kilengeo. Kilengeo kiwe cha mwisho kuguswa.

Anza na mbao. Nyumba ya Kanada inayopashwa joto majira yote ya baridi ni kavu kama tanuri, na mbao ya miaka 80 iliyokaa humo hunywea. Mbao ya mbele ya No. 4 inashikana na mwili wa bunduki kwa mabega mawili yaliyo nyuma yake, na msukumo wote wa kurudi nyuma unapokewa hapo. Yakinywea, mwili wa bunduki unacheza kidogo kila unapopiga, na kundi lililokuwa la sentimeta 8 kwa mita 100 linafunguka hadi 15 au 20. Wengi hukaza skrubu ya mbele ya kikingio cha kifyatulio, wanahisi imekaza kabisa, wanaridhika. Ndani ya tundu la skrubu hiyo kuna bomba dogo la chuma. Mbao ikinywea, skrubu hukaza chuma kwa chuma juu ya lile bomba huku mbao imelegea. Ipime hivi: skrubu ikiwa imekaza, shika mbao karibu na magazini kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, uisukume mbao mbele na nyuma. Weka kidole kwenye maungio. Ukihisi mchezo, hata wa unene wa karatasi, kosa umelipata. Kulipunguza lile bomba au kuyajaza mabega ni kazi ya fundi anayezijua No. 4, kipande cha karatasi ngumu kilichobandikwa mahali pa kukisia huleta kundi zuri siku moja na baya wiki inayofuata.

Halafu nenda mbele, mdomoni. Kwa mpangilio wa kijeshi mbao ya mbele huusukuma mtutu juu karibu na mdomo. Ifunge bunduki tupu kwa mbao yake, tia ndoano ya mizani ya kuning'iniza kwenye mtutu karibu na mdomo, uvute juu taratibu. Pengo kati ya mtutu na mbao lianze kuonekana ukiwa kati ya kilo 1 na 3. Likionekana mara moja, mbao imepinda kwa ukavu na mtutu haukai pale pale kila risasi. Kundi huwa refu kwenda juu na chini, si la mviringo. Kabla ya kufanya lolote, ihamishie bunduki kwa wiki tatu kwenye chumba kisicho na joto kali, uipake mbao mafuta mabichi ya kitani, kiasi cha kijiko kimoja kwa mbao nzima, ukisugua kwa kiganja mpaka kiganja kipate moto, ukirudia kila siku tatu. Kisha pima tena. Si kila mbao inarudi, lakini nyingi husogea.

Kitako nacho hulegea kwenye tundu lake. Hukazwa kwa kuizungusha skrubu iliyo ndani yake, kwa bisibisi ndefu kupitia kile kimlango cha chuma nyuma. Kama una bunduki ya zamani zaidi, No. 1 Mk III, usiizungushe skrubu hiyo kabla ya kuondoa mbao ya mbele: ncha yake ya pembe nne imeingia kwenye kibati kilicho ndani ya mbao hiyo, na ukiizungusha mbao inapasuka.

Mavazi. Jaketi la baridi linaongeza sentimeta mbili au tatu kati ya bega na kitako. Jicho linarudi nyuma, shavu linakaa pengine, na risasi zinakwenda pengine. Vitako vya No. 4 vilitengenezwa kwa urefu kadhaa kwa hatua za nusu inchi, na vifupi vimegongwa S au B juu karibu na chuma. Askari walipewa kwa kipimo cha mwili. Anayepiga kila majira ya baridi afikirie kitako kifupi. Anayepiga siku moja tu avae nguo nyembamba nyingi chini na apunguze unene begani.

Risasi za joto tofauti. Nusu ya risasi ziko mfuko wa ndani wa jaketi, nusu ziko mezani kwenye theluji. Baruti baridi inasukuma polepole zaidi, kwa hiyo matundu yanapangika wima. Ziweke zote nje pamoja na bunduki, kwenye sanduku lenye kifuniko. Baridi pia huifanya hewa kuwa nzito: kutoka nyuzi 20 juu ya sifuri hadi 20 chini yake, uzito wa hewa unaongezeka kwa asilimia 16 hivi. Kwa mita 100 mabadiliko haya yote yamemezwa na ukubwa wa kundi. Kwa mita 300 utaona risasi zikishuka.

Singe. Watu hupenda kuichomeka tarehe 11 Novemba, na ni haki yao. Lakini singe ya No. 4 inashika mtutu wenyewe, na uzito wake hubadilisha mahali pa kutua. Usihukumu kundi, wala usirekebishe kilengeo, kwa risasi zilizopigwa singe ikiwa imechomekwa.

Yote hayo yakiwa sawa na kundi ni dogo lakini liko pembeni ya mahali unapolenga, sasa gusa kilengeo. Kile cha nyuma chenye ngazi kimeanza yadi 200, kwa hiyo kwa mita 100 risasi zitue sentimeta chache juu ya unapolenga; hilo si kosa. Kibapa cha mbele kina saizi zinazopishana kwa inchi 0.015, na kila hatua inahamisha kundi sentimeta 5 kwa mita 100. Kibapa kirefu zaidi kinashusha risasi, kifupi kinaipandisha. Nunua kibapa kingine badala ya kukata kilichopo.

Kifyatulio si kile cha jana

Kifyatulio cha No. 4 kina hatua mbili: mvuto mwepesi wa kwanza, kisimamo, halafu mvuto mzito unaoachia. Kwenye Mk I na Mk I* kimening'inizwa kwenye kikingio chake, na kikingio kimeshikiliwa na mbao. Mbao ikinywea au kufura, umbali kati ya kifyatulio na kishikizo cha pini unabadilika. Hatua moja inapotea, au kuachia kunakuwa kwepesi mno. Mk 2 ilirekebisha hili kwa kukining'iniza kwenye mwili wenyewe, kwa hiyo dalili hii ikitokea kwenye Mk 2 tafuta grisi iliyoganda, si mbao.

Hatua ya kwanza ikipotea, fanya jaribio hili kabla ya kitu kingine: bunduki tupu, springi ya pini ikiwa imekazwa, igonge kitako chini kwenye mpira mara tano kutoka urefu wa kiganja. Pini ikiachia hata mara moja, bunduki haipigi tena mpaka ipite kwa fundi. Mvuto wa pili unatakiwa kuwa kati ya ratili 5 na 6.5, karibu kilo 2.3 hadi 3. Mwepesi kuliko huo si fahari.

Kifyatulio pia husingiziwa kosa la glavu. Kidole kilichovikwa pamba nene hakisikii kisimamo cha katikati. Vaa glavu nyembamba ndani, na juu yake glavu nene isiyotenganisha vidole, yenye mpasuo wa kidole cha shahada. Usishike mkono wa bolti kwa ngozi tupu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ngozi inanata kwenye chuma.

Huoni vizuri

Ukungu kwenye tundu la kilengeo ni pumzi yako. Pumua kwa pua ukiwa umeinamisha uso pembeni, kisha laza shavu. Kibapa kinachong'aa kwa mwanga wa theluji hukufanya ulenge upande wenye giza bila kujijua. Kifukize kwa moshi wa kibatari au mshumaa mpaka kiwe cheusi tititi, bunduki ikiwa tupu na bolti imetoka. Mawimbi ya joto yanayopanda kutoka mtutuni kwenye hewa baridi yanafanya shabaha icheze. Piga tano, pumzisha, piga tano.

Bunduki imeanguka kwenye theluji

Usipige. Theluji iliyojaa mdomoni ni kizibo, na mtutu unavimba pete au unapasuka. Toa bolti, tazama mwanga kupitia mtutu kutoka nyuma, pitisha kamba yenye tambara kavu kutoka chembani kwenda mdomoni, tazama tena. Fanya hivyo hata kama una hakika mdomo haukugusa chini.

Baada ya dakika mbili za ukimya, risasi ya kwanza inapotea

Saa tano kamili asubuhi, tarehe 11 Novemba, kila bunduki huwekwa mezani bolti ikiwa wazi na watu wanasimama. Mtutu uliokuwa wa moto unapoa, na theluji inayoanguka inaingia kwenye mwili ulio wazi na kuyeyuka. Unaporudi, risasi ya kwanza inatoka kwenye mtutu baridi wenye unyevu, na bolti inaweza kuwa imeshika. Weka kitambaa kikavu juu ya mwili wa bunduki kabla ya kuondoka mezani, kisifunike bendera ya usalama iliyoko chembani, na msimamizi wa uwanja akubali. Ukirudi, pitisha tambara kavu na upige risasi moja kwenye karatasi ya kupasha kabla ya ile ya alama.

Siku hii inakumbusha mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, lakini kwetu vita ile haikuishia saa hiyo. Habari za kusimamishwa kwa vita ziliwafikia askari wa jenerali Mjerumani Lettow-Vorbeck mto Chambeshi tarehe 14, na silaha zikawekwa chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi waliokufa wakibeba mizigo ya pande zote mbili hawakuwa na bunduki yoyote. Jina la Kariakoo, kutoka Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, limebaki kwa ajili yao. Anayetaka kupiga risasi kumi nyingine tarehe 25 ana sababu nzuri.

Wiki moja baadaye kuna kutu

Sababu ni mbili na huja pamoja. Ya kwanza ni umande: bunduki ya nyuzi 20 chini ya sifuri ikiingia sebuleni, inalowa nje na ndani, hadi chini ya mbao usikoweza kufikia. Iache ndani ya mkoba wake uliofungwa kwa saa tatu au nne, ikiwa tupu na imefungwa kufuli kama sheria inavyotaka, ndipo uifungue.

Ya pili ni chumvi. Fataki za risasi nyingi za kijeshi za zamani huacha chumvi inayovuta maji, na oili haiiyeyushi hata ukiimwaga chupa nzima. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Toa bolti, simamisha bunduki mdomo ukiwa chini, mimina lita 1 ya maji yanayochemka kwa faneli yenye mpira kuanzia chembani, ukilinda mbao isilowe. Osha na uso wa bolti. Joto la maji litaukausha mtutu lenyewe. Maliza kwa matambara makavu mpaka la mwisho litoke jeupe, ndipo upake oili nyembamba. Siku ya pili na ya tatu pitisha tambara jeupe tena. Likitoka na rangi ya chai, chumvi ilibaki: rudia maji.